Yah: Anwani Itakayoandikwa Ubavuni mwa Meza Yangu

Mezani pangu,
Mkabala na maegesho ya malori,
Tunduma.
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako.

Kwako binti yangu mpendwa Vaileth,

Salamu zangu zikufikie kwanza, pamoja na heshima yote ambayo baba anaweza kumpa binti yake bila kuonekana anajipendekeza.

Husika na somo tajwa hapo juu. Madhumuni ya barua hii ni kukuomba ufanye uamuzi, kabla hujapanda gari kesho asubuhi kuelekea Mbeya, kuhusu jukwaa utakalojengea tovuti ya kazi yako ya usaidizi wa mtandaoni, ili Mama Chanda wa Ndola apelekewe anwani aliyoiomba, nami nipate cha kuandika ubavuni mwa meza yangu. Nimelitanguliza ombi kwa makusudi. Ndivyo ninavyowaandikia wateja wangu wote: msomaji mwenye haraka akiishia mstari wa tatu, awe ameshajua unataka nini. Maelezo yanafuata kwa mwenye nafasi, nami naomba leo uwe na nafasi.

Unaweza kujiuliza kwa nini nakuandikia ilhali jioni hii tutakula pamoja. Sababu ni kwamba mdomoni mimi si mtu wa kutegemewa. Nikianza kusema, wewe unajibu kabla sijafika mwisho wa sentensi, mama yako anaongeza lake, na hoja yangu inaondoka pamoja na vyombo. Karatasi haina tabia hiyo. Hapa hakuna anayenikatiza isipokuwa wateja, na hao nimewaambia kwamba leo naandika barua ya mkubwa mmoja.

Lusajo, yule kijana anayebadilisha kwacha hapa jirani, amepita sasa hivi.

"Dotikomu! Leo unamwandikia nani? Umekunja uso kama unaandika kwa waziri."

"Huyu ni mkubwa kuliko waziri," nikamjibu. "Waziri hahami na kuniachia mama yake."

Amecheka hadi akasahau mteja wake. Jina hilo la Dotikomu unajua lilikotoka, nami nitalifikia katika aya zijazo, kwa kuwa ndilo kiini cha jambo lenyewe.

Sitakuandikia habari za blanketi, chakula, wala namna ya kufunga mlango. Mama yako amekwisha kukutajia hayo tangu wiki iliyopita, na jana nilimsikia akianza upya kutoka kwenye blanketi. Mimi nitaeleza yale tu ambayo niliyajua kwa kukosea, kwa sababu hayo hakuna mwingine anayeweza kukupa.

Naanza na furaha, maana ndiyo inayousukuma mkono huu. Unakumbuka jioni ile uliponieleza kazi yako kwa mara ya kwanza? Ulisema, "Baba, kuna mtu ana biashara lakini hana muda wa kujibu barua pepe, kupanga miadi, wala kufuatilia nyaraka. Mimi namfanyia yote hayo nikiwa hapa, yeye akiwa kwake."

"Na hamwonani?"

"Hatuonani."

"Sasa anajuaje kwamba upo?"

Ukacheka, ukasema, "Ndiyo maana nahitaji tovuti."

Niliacha kuuliza, nawe ukadhani sijaelewa. La hasha. Niliacha kwa sababu nilikuwa nimeelewa mno. Mtu asiye na muda au asiye na maneno anakuletea shida yake, wewe unaipanga, unaiandika vizuri, unaifuatilia hadi ijibiwe. Vaileth, hiyo ni kazi yangu mwenyewe iliyoondolewa meza na kiti! Miaka yote nimekaa hapa nikiamini kwamba ujuzi huu utaishia kwangu, kumbe ulikuwa umeshavuka sebule na kuingia chumbani kwako. Usiku ule nilimwamsha mama yako ili nimweleze, akaniambia kwamba hata furaha ina saa zake.

Ni furaha hiyohiyo iliyonifanya nikosee kuhusu meza. Wewe ulikuwa umefungua ukurasa wa majaribio kwenye lile jukwaa la bure, ukanionyesha kwenye simu: picha yako, jina lako, na maneno machache. Ulisema wazi kwamba unajaribu tu. Mimi nikasikia jina, sikusikia kujaribu. Kesho yake, bila kukuuliza, nilimwita Fundi Jofu na brashi zake aandike anwani hiyo ubavuni mwa meza yangu, chini ya jina langu, ili kila dereva anayesimama hapa aione.

Anwani yenyewe haikutosha. Jina lako lilikuwa mwanzoni, fupi, kisha nukta, kisha jina la wenye jukwaa, refu kama lori lenye trela mbili. Ubao wa mbele ukaisha, herufi zikapiga kona na kuendelea upande wa pili.

Fundi Jofu akashusha brashi. "Mzee, hili jina la pili ni la nani? Mkwe?"

"Ni la wenye mtandao."

"Basi wangenilipa wao. Mimi naona nimeandika tangazo lao, binti yako amepewa lifti tu."

Nikamwambia aandike, asihoji. Alipomaliza nilisimama barabarani, nikaitazama meza kutoka mbali kama mtu anayetazama nyumba iliyopauliwa. Tangu siku hiyo wabadilisha fedha wote wananiita Dotikomu, na sijawahi kukataa.

Siku chache baadaye akaja Mwansa, dereva wa Ndola, aliyetaka nimwandikie barua ya kueleza sababu za kuchelewesha mzigo. Nilipokuwa nikiandika, yeye akapiga picha meza. "Bosi wangu anatafuta mtu wa namna hii," akasema. "Nyaraka zinampotea, wateja wanampigia simu hadi anazima." Bosi huyo ndiye Mama Chanda. Nilimwandikia Mwansa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika kuhusu kuchelewa.

Nyumbani nako, siku zilezile, mama yako aliuona ukurasa wako kwa mara ya kwanza.

"Baba Vaileth, mtoto anauza dawa ya kupunguza tumbo?"

"Hilo ni tangazo, mama," ukamwambia. "Jukwaa ni la bure, kwa hiyo wanaweka matangazo yao."

"Limekaa chini ya picha yako. Jumapili wale kina mama wa kwaya wakiniuliza nitawajibu nini?"

"Utawaambia ni ya bure."

"Basi ilipie, mwanangu, walitoe hilo tumbo."

Ukaufuta ukurasa jioni ileile, na ulifanya sawa. Hukujua habari za Mwansa, wala mimi sikujua kwamba ukifuta ukurasa ndani ya simu, unafuta pia maana ya rangi iliyo mezani. Herufi zilibaki palepale, zimenyooka, zinang'aa, zikimwelekeza kila mpita njia mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Juzi Mwansa alirudi. "Mulishani, bashikulu," akanisalimu kwa heshima zote za kwao, kisha akasogeza kiti. "Bosi amefungua ile anwani. Hakuna kitu. Anauliza, huyo binti amehama?"

Uliposikia, ulishika kichwa, ukaitazama meza, ukanitazama mimi, ukaanza kucheka. Nakushukuru kwa kicheko hicho. Mtoto mwingine angelia. Ukampigia Mama Chanda mwenyewe, ukamweleza, naye akasema kwa upole lakini bila kuzunguka kwamba anataka kuona anwani yenye jina lako, si jina la watu wengine, kesho kabla ya saa sita mchana. Pasipo hivyo atawapa kazi watu wa Lusaka ambao tovuti yao ameshaiona. Hivyo ndivyo jambo lilivyo. Kazi ya Mama Chanda ndiyo itakayokulipia ile meza utakayokodi katika ofisi ya kushirikiana huko Mbeya, yenye umeme na mtandao visivyokatika, nawe hujachagua jukwaa.

Nakiri kwamba kuchagua ni kugumu. Jukwaa la bure umeshalitupa. Yamebaki mawili, nayo nimeyapa majina yangu ili nisipotee: la Kupanga na la Kujenga. Kwenye la Kupanga unalipa ada, unakuta kila kitu tayari, fomu ya mawasiliano, kalenda ya miadi, unaburuta vipande na kuviweka unapotaka. Lakini siku ukiondoka unaiacha nyumba, unabeba maneno na picha zako tu. Kwenye la Kujenga programu yenyewe ni ya wote, unatafuta mahali pa kuihifadhi, unaiunda upendavyo na unaweza kuihamisha nzima. Lakini ulinzi, marekebisho na nakala za akiba ni juu yako, na kuna mengi ya kujifunza. Kila jioni nimekukuta umeyafungua yote mawili, ukilinganisha rangi za vitufe. Mama yako alikwambia juzi, "Unachagua mapazia, na mgeni yuko mlangoni anagonga." Ulikasirika. Alikuwa akikusema wewe, ila mimi ndimi niliyeinamisha kichwa, nawe hukujua kwa nini. Sasa nakueleza.

Niliposhuka kutoka Mbozi, nikiacha kahawa ya babu yako kwa kaka zangu, sikuwa na cheti chochote cha kuandika. Elimu yangu niliipata kwa njia ambayo hadi leo naitumia: kila niliyemwandikia barua nilimwomba aniletee jibu lake. Majibu ndiyo yaliyonifundisha. Niliona ni sentensi ipi iliyosomwa na ipi iliyorukwa. Nilianza kazi kwenye baraza la duka moja la dawa, na ingawa nilikuwa kijana, watu wakaniita Mzee wa Famasi. Nilijivunia mno. Watu walitoka Ndalambo na Mbangala, wakishuka tu kwenye gari wanauliza, "Mzee wa Famasi yuko wapi?" na kila mtu anawaonyesha.

Kisha mwenye duka akaliuza, mwenye duka mpya akataka baraza lake liwe wazi, nikahamia huku kwenye malori. Sikuwa na wasiwasi. Nilisema, wananijua, watanifuata. Haikupita hata wiki, mwandishi mwingine akamshawishi mwenye duka huyo mpya, akaweka kiti chake pale pale. Watu wakaendelea kuuliza Mzee wa Famasi, wakaendelea kuonyeshwa. Mama mmoja wa Ndalambo, ambaye mimi ndiye niliyemwandikia ombi lake la kwanza la shamba, alipata jibu, akalipeleka pale, akaandikiwa barua ya pili na yule bwana. Nilikutana naye sokoni nikamuuliza kwa nini hakunitafuta.

"Nilikutafuta, na nilikupata," akaniambia. "Ila niliona umebadilika sura."

Hakuwa na kosa, Vaileth, wala yule bwana hakuniibia kitu. Jina lile halikuwa langu. Lilikuwa la baraza, nami nilipewa lifti tu, kama alivyosema Fundi Jofu. Ajabu ni kwamba somo hilo nililijua kabisa, tena kwa maumivu, na bado nikaenda kuandika jina la wenye jukwaa juu ya meza yangu. Mtu anaweza kulijua jambo katika mbao asilitambue likija katika simu.

Baada ya baraza nilikasirika, na hasira ikanipeleka kwenye kosa la pili, ambalo nadhani ndilo linalokunyemelea wewe. Niliapa kwamba sitakaa tena kwa mtu. Nitajenga ofisi. Nikatafuta kipande cha kiwanja, nikaita mafundi, nikataka dirisha la kioo, rafu, na mlango wenye maandishi. Kiangazi chote nilikuwa nikibishana kuhusu dirisha. Mteja akija namwambia, "Bado tunapaka rangi, njoo wiki ijayo." Alikwenda, na wiki iliyofuata alikuwa ameshaandikiwa kwingine. Nilipofungua, nilikuwa na ofisi nzuri kuliko zote katika maegesho haya, na hakuna aliyeingia. Mama yako, tukiwa ndiyo kwanza tumeoana, alikuwa akiniletea chakula cha mchana. Siku moja nilisimama kwa heshima nikasema, "Karibu, mteja."

"Mteja gani?" akasema. "Nimeleta ugali."

Tulicheka, lakini kila mmoja aliangalia pembeni. Ofisi niliiuza. Leo wanakaangia chipsi humo, na kile kioo nilichokipigania kinaonyesha kuku vizuri sana.

Ndipo nikatengeneza meza hii ya kukunjwa. Niliiandikia jina langu mwenyewe, Ezekia, na chini yake Barua na Maombi. Mvua ikija naihamishia barazani kwa mtu, malori yakibana naisogeza, na mwenye baraza akinichoka naikunja naondoka. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza niko kwenye duka lipi. Wanauliza, "Meza ya Ezekia leo iko wapi?" Mahali nimepanga siku zote, jina sijawahi kulipanga tena.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, nawe una haki ya kuyakataa. Kabla ya jukwaa lolote, leo hii jioni, nunua jina la kikoa, ambalo ninyi mnaliita domeni. Liwe jina lako, lililosajiliwa kwa barua pepe yako na simu yako, si ya rafiki, si ya fundi, wala si yangu. Unajua habari za mjomba wako wa Mlowo mwenye nyumba ya wageni. Kijana mmoja alimtengenezea tovuti kwa wema kabisa, akaisajili kwa jina lake mwenyewe, akahamia mbali na nywila akiwa nazo kichwani. Mjomba wako alibadilisha namba ya simu, tovuti haikubadilika. Mpaka leo mgeni akipiga ile namba anapokelewa na mama asiyehusika, anayesema, "Hapa sio gesti, naomba mniache nilale."

Jina likishakuwa lako, hofu yako yote kuhusu majukwaa inapungua nusu. Ukilielekeza kwenye jukwaa hili leo na kwenye lile mwaka ujao, Mama Chanda hatajua kama umehama, kwa sababu atakuwa anakuja kwako, haji barazani kwa mtu. Nilipoelewa jambo hili, ulipokuwa ukilieleza jana huku ukidhani unajisemea mwenyewe, nilitaka kusimama na kupiga makofi. Meza ya kukunjwa imefika mtandaoni!

Sasa kuhusu jukwaa. Najua moyo wako uko kwenye la Kujenga. Nauelewa moyo huo, kwa kuwa ulitoka kwangu. Ndio uliotaka dirisha la kioo. Unataka kila kitufe kiwe cha mkono wako. Siku itafika, na nitafurahi. Lakini mteja yuko mlangoni, na wewe peke yako ndiwe mfanyakazi, mhasibu na mlinzi. Mimi ningechukua la Kupanga, kwa jina lako mwenyewe, kwa mwaka mmoja, na saa ambazo ningezitumia kujifunza kujenga ningezitumia kutafuta nyaraka za Mama Chanda. Maneno yote unayoyaandika humo weka nakala yake kwako pia, ili siku ya kukunja meza usihangaike.

Jambo jingine nimelifanyia jaribio, kwa kuwa siamini kitu ambacho sijaletewa jibu lake. Jana nilimpa Lusajo viungo viwili ulivyonitumia vya kurasa zako za mfano, avifungue kwenye ile simu yake yenye kioo kilichopasuka. Ile ya Kujenga ilifunguka upesi. Ile ya Kupanga, yenye picha zile kubwa za mwanga wa jua na kompyuta, ilizunguka, ikazunguka.

"Dotikomu," akasema, "hii ni tovuti au foleni ya malori?"

Kwa hiyo ukichagua la Kupanga, toa picha kubwa. Weka sura yako, kazi unazofanya, na namna ya kukupata. Madereva na wakala wa mizigo watakufungua wakiwa njiani, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka.

Kuhusu maneno ya ukurasa, sina budi kuzungumzia rasimu niliyokuandikia. Uliniomba aya moja ya utangulizi, nami nikakuletea kurasa mbili zinazoanza, "Mimi niliyetajwa hapo juu, kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, naomba kupatiwa kazi katika ofisi yako tukufu."

Ulisoma, kisha ukasema polepole, "Baba, hapa sio kwa mkuu wa wilaya. Huyu mteja ana shida, na mimi nina dawa yake. Kwa nini niandike nimepiga magoti?"

Niliumia kidogo, lazima niseme, kwa sababu sentensi ile imewapatia watu mashamba. Lakini nilikwenda nayo kazini nikaitafakari, na ninakiri kwamba uko sahihi. Maisha yangu yote nimeandika kwa watu walio juu ya wateja wangu. Wewe utaandika kwa watu walio mbele yako, mkiwa mmesimama wote wawili. Hilo sikuwahi kulifanya, na kuliona likifanywa na mtu wa nyumbani kwangu kunanisisimua kuliko tovuti yenyewe. Chukua kutoka kwangu kitu kimoja tu: sema mwanzoni unachofanya. "Nafuatilia nyaraka za mizigo yako na kujibu wateja wako, ili wewe uendeshe biashara." Hiyo ni sentensi yako mwenyewe, uliisema jana ukiwa unakunja nguo, nami nikaiandika nyuma ya bahasha. Iweke juu kabisa. Na kila mteja anayekuja, muulize ni neno gani lililomleta. Hayo ndiyo majibu yako. Yakusanye kama nilivyoyakusanya mimi.

Mama yako amefika hapa sasa, ameleta chai, na amesoma aya ya mwisho juu ya bega langu bila ruhusa. Ameuliza kama nimetaja blanketi. Nimemwambia hapana. Ameniomba niandike kwamba Mbeya kuna baridi kuliko hapa, nami namtii: Mbeya kuna baridi. Kisha amekaa kwenye kiti cha mteja, ameutazama ubavu wa meza, akasema, "Sasa weupe huu hapa utakaa hivi mpaka lini?"

Nami ndipo ninapofika mwisho wa hoja yangu. Leo asubuhi, kabla hujaamka, niliikwangua anwani ile ya zamani kwa msasa, mbele na kwenye kona ilipopindia. Kazi haikuwa ndogo, maana rangi ya Fundi Jofu ni rangi ya kweli. Jina langu nimeliacha. Chini yake sasa kuna nafasi tupu ya mbao nyeupe, inayotosha jina moja fupi lisilopiga kona. Madereva wanaiona wanauliza kulikoni. Lusajo amewaambia kwamba Dotikomu yuko kwenye matengenezo. Fundi Jofu nimeshazungumza naye. Atakuja alfajiri na brashi, kabla gari lako halijaondoka, na ameahidi kutohoji.

Ukiwa Mbeya, nitakaa hapa kama kawaida, na kila atakayesimama mbele yangu akitaka mambo yaliyo nje ya kalamu yangu, nitamwonyesha kwa kidole mahali ulipo. Nimekuwa nikiwatumikia watu wa barabara hii nikiwa peke yangu kwa muda mrefu. Sasa meza itakuwa na majina mawili, na hilo la pili halitakuwa la baraza la mtu yeyote.

Kwa heshima hiyo, mimi baba yako Ezekia naomba unijulishe uamuzi wako baada ya chakula cha jioni, kwa mdomo au kwa maandishi: umechagua jukwaa lipi, na Fundi Jofu aandike jina gani?